Linasaga Meno

Katika nyanda za Kinangop, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa Julai hauna huruma kwa mtu wala kwa chuma. Ukungu hushuka kutoka milima ya Nyandarua usiku kucha, na majani ya kabeji huinama kwa uzito wa umande. Usiku mmoja wa namna hiyo, mwaka wa 2018, yapata saa tisa, mkulima mmoja wa karibu na Njabini aliuzungusha ufunguo wa pikapu yake ya dizeli, na badala ya injini kunguruma, kulitoka chini ya boneti sauti iliyomwinua mbwa alikolala. Krrrrr!

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, leso mabegani, birika la chai mkononi. "Linasaga meno hilo," alisema, kisha akarudi ndani. Mzee hakumjibu. Pengine hakumsikia. Alisema ni baridi tu, akauzungusha ufunguo tena. Mwana wao, mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu, ambaye kwa muda wa likizo ile alikuwa amegeuka utingo wa babake, alitoa rai kwamba labda ni betri. Kwani betri ndilo neno linalowajia wote wasiojua magari pindi gari linapokataa kuwaka.

Kati ya watu hao watatu, mmoja alikuwa amesema kweli tupu, tena neno kwa neno. Hata hivyo, iliwagharimu majuma matatu na shilingi 16,500 kulitambua hilo.

Yafaa ieleweke kwamba pikapu hiyo haikuwa gari la fahari. Kila Jumanne na kila Ijumaa ilijazwa kabeji hadi vyuma vya kando vikapinda, ikateremka hadi Flyover, ikaishika barabara kuu, na kulipokuwa bado giza iwe imekwisha kuingia Soko la Wakulima jijini Nairobi, lile ambalo wengi hulijua kwa jina la Marikiti. Katika kabeji hizo ndimo ilimotoka karo ya kijana, na sehemu ya karo hiyo ilikuwa haijalipwa. Asiyemaliza kulipa hakuruhusiwa kuufanya mtihani wa mwisho wa muhula. Kwa hiyo kila sauti iliyotoka chini ya boneti lile ilikuwa, kwa namna fulani, inazungumza juu ya mtihani.

Usiku huo majirani wawili waliamshwa, wakaja wamejitanda blanketi, pikapu ikasukumwa kwenye mteremko hadi injini ikashika. Walifika Marikiti jua limechomoza. Anayelijua soko hilo anajua maana ya kufika jua limechomoza: wanunuzi wa jumla wamekwisha kwenda zao, na dalali aliyebaki huitazama bidhaa yako kwa uso wa mtu anayekufanyia hisani. Kabeji ziliuzwa kwa nusu ya bei.

Fundi wa kwanza alikuwa na duka la vipuri lililopakana na gereji yake, na yamkini ujirani huo ndio uliomponza. Alipouliza gari lina shida gani, mzee alimjibu kwamba linapiga kelele wakati wa kuwasha. Fundi hakutaka kujua zaidi. Aliigusa betri kwa ncha ya kidole, akatikisa kichwa, akaleta mpya ya shilingi 9,500. Siku mbili baadaye sauti ilirudi. Waliporudi na gari, fundi alisema basi ni stata, akawauzia nyingine iliyokwisha tumika ng'ambo, kwa shilingi 7,000. Stata hiyo iliwasha gari barabara kwa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili, usiku wa kwenda sokoni, krrrrr! Walipojaribu kuirudisha betri waliambiwa kwamba betri iliyokwisha kufungwa katika gari hairudi dukani. Si haki kumlaumu fundi huyo kupita kiasi. Mganga anayeambiwa "naumwa" bila kuonyeshwa pahali, naye hana subira ya kuuliza, atatoa dawa ya maumivu na kupokea ada yake.

Katika majuma hayo matatu kijana alikuwa ameanza kusikiliza. Aligundua kwamba gari halikukataa kila siku. Vilevile, siku lilipokataa, likitiwa gia ya nne na kusukumwa kidogo tu, kiasi cha kiganja kimoja au viwili, kisha gia ikatolewa, liliwaka papo hapo kana kwamba halikuwa na neno lolote. Aliligundua jambo la tatu pia, lakini hakulipa uzito: mara nyingine injini ilikuwa imekwisha kuwaka, inanguruma, naye babake alikuwa angali ameukaza ufunguo, au aliuachia kisha akauzungusha upya, na kilio kikali kikatoka. Kijana alidhani ni pupa ya mtu aliyechelewa sokoni.

Fundi wa pili walielekezwa kwake na mchuuzi wa viazi. Alikuwa mzee wa makamo ya baba mwenye gari, na gereji yake ilikuwa uwanja wenye mabati matatu kando ya barabara, katika mji uitwao Engineer. (Wageni hudhani jina la mji huo ni mzaha.) Alikuwa ameketi juu ya tairi, anakunywa uji.

"Lina shida gani, Mzee?"

"Linapiga kelele nikiwasha."

Fundi alicheka kwa adabu. "Kelele ni jina la ukoo, Mzee. Nitajie jina la mtoto."

Mzee aliinua mabega. Alikuwa ameliendesha gari hilo kwa miaka kumi na tisa na hakuwa na jina la mtoto. Fundi akamgeukia kijana, na kijana akajikuta katika hali ya fedheha ambayo msomi yeyote wa lugha ataielewa. Tangu shule ya msingi alikuwa amekariri kwamba simba hunguruma, jogoo huwika, nyuki huvuma na fisi hucheka. Chuoni alikuwa amefundishwa tanakali za sauti, na angeweza kutaja kwamba mwanaisimu Clement Doke aliziingiza katika istilahi za sarufi za Kibantu mwaka wa 1935, kwa jina la ideofoni. Alijua kwamba Kiswahili hakiridhiki kusema kitu kimeanguka: kikianguka chubwi, kimeanguka majini, kikianguka tifu, kimeanguka mchangani, tapwi, matopeni. Alijua haya yote kwa ajili ya kujibu maswali. Hakuwahi kufikiria kwamba ipo siku mtu mwenye mikono ya grisi angemwomba ayatumie.

Na hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Tanakali haitaji mlio peke yake. Humweleza msikilizaji kitu kimekutana na nini. Chubwi si sauti ya jiwe, wala si sauti ya maji, bali ni ya jiwe na maji yanapokutana. Fundi mzee alikuwa akiuliza swali hilo hilo: nini kimekutana na nini chini ya boneti?

Ili swali hilo lieleweke, sharti ijulikane stata hufanya nini. Magari ya mwanzo yaliamshwa kwa mkono, kwa hendeli iliyochomekwa mbele ya injini, na si watu wachache waliovunjwa mikono hendeli ilipowarudia. Stata ya umeme aliyoibuni Mmarekani Charles Kettering ilianza kuuzwa katika magari ya Cadillac ya mwaka wa 1912. Ni mota ndogo yenye nguvu nyingi za muda mfupi, na mbele yake pana gia ndogo yenye meno machache, yapata tisa au kumi. Ufunguo unapozungushwa, swichi ya sumaku iliyobebwa mgongoni mwa stata, ambayo mafundi huiita soleneidi, huisukuma gia hiyo mbele hadi meno yake yakaumana na meno ya pete kubwa ya chuma iliyolizunguka gurudumu zito la injini, yaani flaiwili. Pete hiyo aghalabu ina meno zaidi ya mia. Wakati huo huo soleneidi huufungulia umeme mwingi njia ya kuingia katika mota, nayo mota huizungusha gia, gia ikaizungusha pete, na injini ikaamka. Injini ikishaamka, ufunguo ukaachiliwa, gia hujiondoa. Mafundi wa Kenya huiita gia hiyo pamoja na kifaa kinachoibeba bendiksi, na wengi wao hawajui kwamba wanamtaja mtu: Vincent Bendix, Mmarekani aliyeunda mtambo wa aina hiyo mwanzoni mwa karne ya ishirini. Wanaoshughulikia uundaji wa istilahi wangefaa kukaa gereji siku moja. Huko maneno hayasubiri kamati.

Kijana alipobabaika, fundi aliamua kumtajia yeye mwenyewe milio, mmoja baada ya mwingine, ili achague. Aliweka kikombe chini.

"Je, linasema ta-ta-ta-ta, haraka haraka, kama kuku anayedonoa bati?"

"La."

Hiyo, fundi alieleza, ni betri, au ni vichwa vya betri vilivyolegea ama kushikwa na ule unga mweupe. Sumaku ya soleneidi huvuta, mota ikaanza kunywa umeme, umeme ukapungua, sumaku ikakosa nguvu ikaachia. Ikishaachia, umeme hurudi, nayo huvuta tena. Kwa sekunde moja tendo hilo hurudiwa mara nyingi, na ndiyo maana husikika kama kudonoa. Aghalabu gari kama hilo halihitaji betri mpya. Huhitaji maji ya moto, brashi, na spana ya kukaza. Alichukua kipimo chake na kuipima ile betri ya shilingi 9,500. Ilisoma volti 12.6, ambacho ni kiwango cha betri iliyojaa na kupumzika. Alimwambia kijana awashe, akakiangalia kipimo: hakikushuka chini ya kumi. Betri dhaifu, alisema, stata ikizunguka, hushuka chini ya tisa na nusu. "Mlinunua betri nzuri," alisema, na sauti yake haikuwa na kejeli, jambo lililozidi kuwauma.

"Au linasema tko! mara moja, kisha jii?"

"La."

Hilo lingekuwa jambo jingine. Tko moja na kimya huonyesha kwamba sumaku imevuta vyema lakini umeme mkubwa haukupita: ama vidonge vya shaba ndani ya soleneidi vimeungua, ama vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme katika mota vimekwisha, au ule waya mnene unaoiunganisha betri na bodi ya gari umeshika kutu. Fundi mzee alikuwa na jaribio lake la bei rahisi kuliko yote, nalo ni kuwasha taa kubwa za mbele kabla ya kuzungusha ufunguo. Taa zikififia hadi kuzimika, umeme ni mchache. Zikisalia kuwaka vilevile huku stata imenyamaza, umeme upo ila njia imeziba. Jaribio hilo haligharimu hata senti, na lingeiokoa nusu ya fedha yao.

"Vuuuu, kama upepo chupani, injini isitikisike?"

"La, Mzee. Lakini injini haitikisiki."

Fundi alimtazama. Vuuu ni stata inayozunguka peke yake bila kuigusa pete, kwa sababu bendiksi imekatika au imekwama. Aliutaja pia ule mlio wa kwiii unaosikika baada ya injini kuwaka, ambao ni ukanda wa feni uliolegea au kukauka. Na ko-ko-ko ya injini za dizeli wakati wa baridi, ambayo hutokana na plagi za kupasha joto zilizokufa, au hewa iliyoingia katika mafuta, na ambayo, kwa maneno yake, ni ugonjwa wa tumbo wala si wa mdomo. Kijana alitikisa kichwa kwa yote.

"Basi sema wewe."

"Krrrrr," kijana akasema. Kisha, kwa kuwa aliona aibu imekwisha kumwondoka, akauiga vizuri zaidi, ulimi ukitetemeka juu ya ufizi. "Krrrrr! Lakini si kila siku, Mzee. Na siku likikataa, tukilitia gia ya nne tukalisukuma kiganja kimoja tu, linawaka."

Fundi aliacha kujifuta mikono. "Rudia hilo la kiganja."

Kijana akarudia.

"Nani mwingine amelisikia gari hili?"

"Mama. Anasema linasaga meno."

"Mngemleta mama," fundi alisema, akachukua spana.

Stata ilifunguliwa kwa nusu saa. Tundu lililobaki lilikuwa dogo, la kutosha jicho moja na mwangaza wa tochi, na ndani yake ilionekana pete ya meno. Fundi alimpa kijana spana kubwa, akamwonyesha parafujo iliyo mbele ya injini, akamwambia aizungushe polepole huku yeye akitazama na kuweka alama za chaki. Meno yalipita yakiwa mazima, makali, yenye kung'aa kwa oili. Kisha yakaja meno kama manane hivi yaliyolika hadi yakawa vigutu. Baadaye yakafuata mazima tena, na upande wa pili wa duara, mkabala na yale ya kwanza, vigutu vingine.

Kijana aliuliza kwa nini meno yalike pahali pawili tu. Jibu la fundi ni miongoni mwa mambo ambayo hakuyasahau. Injini ya silinda nne ikizimwa haisimami popote inapotaka. Inapoishiwa nguvu, hukutana na pistoni iliyo katika kubana hewa, ikashindwa kuipandisha, ikarudi nyuma kidogo na kutulia. Kwa kuwa pistoni huzaliwa mbilimbili katika mzunguko, flaiwili husimama takribani katika sehemu mbili zile zile maisha yake yote, nayo stata huigonga pete katika sehemu hizo hizo, asubuhi baada ya asubuhi, kwa miaka kumi na tisa. Meno mengine hubaki kama yalivyotoka kiwandani. Gari liliposukumwa kiganja kimoja likiwa katika gia, flaiwili ilizunguka kidogo, vigutu vikaondoka mbele ya stata, na meno mazima yakashika zamu. Stata mpya ilifanya kazi siku kumi na moja kwa kuwa meno yake mapya yaliweza kuvishika vigutu kwa shida, hadi yalipoanza kulika nayo.

Mama alikuwa hajatumia tamathali yoyote.

Lakini fundi hakuwa amemaliza kutazama. Alimwita kijana achungulie. Mbali na vigutu, kingo za meno yote, kuzunguka pete nzima, zilikuwa na mikwaruzo midogo myeupe, isiyo na kutu. Vigutu, alisema kwa sauti ya chini, ni uzee, na uzee hauna wa kulaumiwa. Mikwaruzo hii ni mipya na imeenea kote. Meno yaliyokwaruzwa pande zote yamekwaruzwa pete ikiwa inazunguka. Kuna mtu anayezungusha ufunguo injini ikiwa imekwisha kuwaka.

Alimtupia macho mzee, aliyekuwa ameketi mbali kidogo juu ya kreti, akitazama barabara. Lori lilipita nyuma yake likipiga honi. Mzee hakugeuka.

"Babako anasikia vizuri?" fundi akauliza.

Swali hilo lilikusanya mambo mengi kwa mara moja: redio iliyoongezwa sauti hadi majirani wakalalamika, simu zilizojibiwa kwa kelele, maneno ya mama yaliyopita bila jibu. Sikio la kushoto la mzee lilikuwa likitoka usaha tangu utotoni, hilo lilijulikana. La kulia lilikuwa limelifuata polepole mno hata hakuna aliyeona siku lilipofika. Hakuwa mtu wa pupa. Alikuwa akiuzungusha ufunguo tena kwa sababu hakuisikia injini ikiwaka, na alikuwa amekataa kwamba kuna sauti ngeni kwa sababu kwake haikuwapo.

Kazi ilichukua siku mbili. Ili kulifikia flaiwili ni lazima mhimili wa nyuma ufunguliwe, gia boksi ishushwe, na klachi itolewe, na hiyo ndiyo sababu mafundi wengi hupenda kulaumu stata, ambayo hutoka kwa parafujo mbili. Fundi aliwapa uchaguzi. Pete mpya ingetafutwa Nairobi, kwa fedha ambazo hawakuwa nazo. Au pete ile ile ingevuliwa, igeuzwe robo ya duara, na kurudishwa, ili vigutu vikae pale ambapo injini haisimami na meno mazima yaje pale inaposimama. Kijana aliuliza kwa nini wasiipindue tu, upande wa nyuma uwe mbele. Fundi alimwonyesha: upande ambao gia ndogo huingilia, kila jino limechongwa mshazari ili kuipa gia njia, upande wa pili haukuchongwa. Pete iliyopinduliwa bila kuchongwa upya ingeipiga gia kwa uso bapa, na kilio kingekuwa kile kile.

Pete hiyo haishikwi kwa parafujo yoyote. Hushikwa na ubaridi wake. Hupashwa moto ikapanuka, ikavishwa flaiwili, na ikipoa hujikaza kiasi kwamba nguvu zote za stata haziwezi kuitelezesha. Fundi aliwasha makaa katika karai pana, akaisugua pete msasa mahali pamoja hadi chuma kikang'aa, akaipandisha juu ya moto na kumwambia kijana akitazame kile kidoa kilichong'aa. Kikigeuka rangi ya majani makavu, yaani manjano hafifu, atoe sauti. Kikipita hapo kikawa buluu, meno yatapoteza ugumu wake na kazi yote itakuwa bure. Kijana hajawahi kukisoma kitabu chochote kwa makini kama alivyokisoma kidoa hicho. Alipopiga kelele, fundi aliinyanyua pete kwa koleo mbili, akaishusha juu ya flaiwili huku alama ya chaki ikiwa robo ya duara mbali na ilipokuwa, akaigonga mara tatu kwa nyundo ya mbao. Ti, ti, tu. Ile tu ya mwisho, alisema, ndiyo inayoonyesha imekaa.

Kabla ya kuifunga stata aligundua pia kwamba moja kati ya parafujo zake mbili ilikuwa fupi kuliko mwenzake, imeshika kwa nyuzi chache tu, hivyo stata ilikuwa ikijitikisa na gia kuingia upande. Aliibadilisha bila maneno. Kazi yote, pamoja na parafujo hiyo, ilikuwa shilingi 4,500.

Alipomaliza hakumpa mzee ufunguo. Alimpa kijana. Yeye alichukua bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao, akamwendea mzee na kumwambia, kwa heshima ya mtu anayezungumza na mwenye gari, "Mzee, njoo uikague kazi yako mwenyewe." Aliiweka ncha ya bisibisi juu ya ganda la gia boksi, karibu na stata, na mpini akaubana kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio la kulia la mzee. Mafundi wa zamani husikiliza injini kwa njia hiyo. Sauti ya kawaida hupitia hewani na kuitikisa ngoma ya sikio na vifupa vilivyo nyuma yake. Pale njia hiyo inapoharibika, mtetemo bado waweza kupita katika mfupa wa fuvu na kulifikia sikio la ndani.

Kijana aliuzungusha ufunguo. Stata iliimba, injini ikashika.

Mzee hakusema lolote kwa muda. Aliishika bisibisi kwa mkono wake mwenyewe, akaihamisha juu ya injini, akasikiliza, akaihamisha karibu na pampu ya dizeli, akasikiliza, akarudi alikoanzia. Hatimaye aliuliza, kwa ile sauti yake kubwa ambayo sasa mwanawe aliielewa, "Imekuwa ikilia hivi siku zote?"

"Siku zote, Baba."

"Na ile mnayoisema, ile mbaya?"

Kijana akaiga. Fundi, ili asionekane anacheka, aliinama kuokota spana ambayo haikuwa imeanguka. Kisha akamwonyesha mzee ile taa ndogo nyekundu ya oili mbele ya usukani. Ufunguo ukifunguliwa huwaka. Injini ikishaamka na oili kupanda, huzimika. "Usingoje kusikia," alimwambia. "Ngoja ile izimike, uachie. Hiyo haidanganyi, wala haihitaji sikio." Mzee alijaribu mara tatu. Mara ya tatu aliuachia ufunguo kabla hajaambiwa.

Jumanne iliyofuata kabeji zilifika Marikiti kukiwa giza. Karo ilimalizika kulipwa kwa awamu mbili, ya pili ikiwa imechelewa kwa siku nne na kuhitaji barua. Mama alipoelezwa habari za vigutu, aliuliza ikiwa kuna lingine walilotaka kujua, kisha akamwambia mumewe kwamba yupo tabibu wa masikio Naivasha, na safari hii alilisema akiwa amesimama mbele yake.

Mwezi wa Septemba, kijana akiwa amerudi chuoni, simu ililia saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa babake, anapiga kelele kama kawaida.

"Sikiliza!"

Kukawa na mkwaruzo wa simu ikigusa bati, mngurumo wa injini, na juu yake, wembamba kama uzi, mlio mwingine. Kwiiiii.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Baba. Huo ni ukanda wa feni. Umelegea."

"Najua ni ukanda," mzee alisema. "Nimeweka bisibisi. Nilitaka kujua kama wewe umeusikia."